Mombasa Nayo Ni Jirani wa Tsavo

Kila pembe za tembo zikishikwa twaonyeshwa picha ile ile, askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wamesimama na bunduki, pembe zimepangwa sakafuni, na vijana wawili watatu wamechutama mbele hata viatu wamevuliwa. Alafu huko kwenye masimu watu waanza, ati hao ndio wanatumalizia tembo, wafungwe maisha. Haya, wafungwe. Ila mimi nikiwa hapa Mombasa nikiiangalia hiyo picha swali langu ni lingine kabisa: hizo pembe zilikuwa zaenda wapi? Manake hakuna jangili wa Bachuma wala wa Mtito Andei, huko kando ya mbuga ya Tsavo, mwenye namba ya simu ya mteja Vietnam. Kijana anapewa pesa kidogo, pembe inapanda boda, inapanda probox, inaingia godown ya mtu ambaye jina lake halitajwi, na kituo cha mwisho kabla ya bahari ni hapa kwetu.

Na si maneno ya barazani haya. Mwezi wa sita 2014 polisi walivamia yadi ya magari Tudor, Tudor hii hii, wakakuta zaidi ya tani 2 za pembe. Mwaka uliofuata mwezi wa nne forodha ya Thailand wakafungua kontena iliyotoka Mombasa ikienda Laos, makaratasi yasema majani ya chai, ndani mna karibu tani 3 za pembe. Haikuchukua muda Singapore nao wakashika tani 3.7, chai tena, kutoka Kenya kwenda Vietnam, na huo mzigo ulikuwa na pembe za faru pia na meno ya wanyama wa jamii ya simba na chui. Fikiria kwanini chai. Mombasa ndio mnada mkubwa wa chai Afrika Mashariki, makontena ya chai yatoka Kilindini kila wiki, ni mzigo wa heshima, hakuna anayeushtukia, na ukiusimamisha wenye mzigo watakupigia kelele kwamba wawachelewesha meli. Mhalifu alichagua vizuri. Kabla ya hapo walitumia magunia ya karanga na samaki wakavu, chochote chenye vumbi au harufu ambacho hakuna afisa anataka kukitoa chote nje kwenye jua la saa saba.

Kuna kitu kimoja ambacho mimi kilinifungua macho kuliko yote. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Washington, Samuel Wasser, na wenzake walitoa utafiti wao wa DNA ya pembe zilizoshikwa sehemu mbalimbali duniani. Tembo ana pembe mbili, si ndio. Hawa walichukua vipande vidogo vya pembe wakatafuta pacha wake, wakakuta mara kwa mara pembe moja ya tembo imeshikwa kwenye mzigo huu na mwenzake imeshikwa kwenye mzigo mwingine kabisa, tofauti ya miezi, lakini mizigo yote miwili ilitoka bandari moja. Maana yake wenye mizigo ni wale wale. Wakachora ramani yao wakaishia na mitandao mitatu mikubwa iliyosafirisha pembe kati ya 2011 na 2014, mmoja Lomé kule Togo, mmoja Entebbe, na mmoja, naam, Mombasa. Na pembe nyingi za tembo wa nyika zilizoshikwa miaka hiyo zilitoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Wenzetu wa Tanzania walikuwa na tembo kama 109,000 mwaka 2009, kufika 2014 wamebaki kama 43,000. Kwa hivyo mtu wa Mombasa akisema ujangili ni mambo ya huko porini na Wataita na Wakamba, ajue kuna miaka mji wetu ulikuwa mlango wa kutolea tembo wa nchi za watu.

Kwanza tuna ajabu sisi. Mji gani mwingine duniani umejenga pembe kubwa katikati ya barabara ndio zikawa nembo yake? Mapembeni pale Moi Avenue, za kwanza zilisimamishwa 1952 kwa ujio wa Elizabeth wa Uingereza, na mpaka leo hakuna harusi inapita bila bwana na bibi harusi kupigwa picha hapo chini. Sisemi zibomolewe, mie mwenyewe nazipenda.

Sasa turudi kwa askari, manake wakati mwingine wachambuzi wanawadharau hawa watu na haifai. Miaka ya sabini Kenya ilikuwa na tembo zaidi ya 160,000. Uwindaji ukapigwa marufuku 1977 lakini majangili wakaja na bunduki za kivita, na kufika 1989 wamebaki kama 16,000. Faru weusi walikuwa kama 20,000, wakashuka chini ya 400. Mwaka huo wa 1989 ndio KWS ikaundwa, Richard Leakey akapewa usukani, Rais Moi akachoma tani 12 za pembe mbele ya dunia nzima, na biashara ya pembe ya kimataifa ikapigwa marufuku. Askari wakapewa silaha za maana, ndege na redio. Bila hiyo leo tungekuwa twaona tembo kwenye noti tu. Sensa ya 2021 ilihesabu tembo 36,280 nchi nzima, na mwaka 2020 hakuna faru hata mmoja aliyeuliwa na majangili Kenya, mara ya kwanza tangu 1999. Kuna askari walikufa kwa hiyo hesabu. Mwenye kutaka kuwakejeli akalale Tsavo usiku mmoja bila moto aone.

Lakini bunduki ina mwisho wake na Tsavo ndio ilituonyesha mwisho huo. Mbuga mbili, Mashariki na Magharibi, pamoja zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hata ukiwa na askari elfu, gawanya mwenyewe. Mwezi wa tano 2014 aliuliwa Satao, tembo dume ambaye pembe zake zilikuwa karibu zaburura chini, mnyama aliyejulikana kwa jina, anayefuatiliwa kwa ndege na kwa miguu, watu walijua mpaka maji anakunywa wapi. Wakamuua kwa mshale wa sumu, wakamkata uso wote wakatoa pembe wakaenda. Mshale haulii. Askari wanaosubiri mlio wa bunduki watasubiri mpaka kesho kutwa. Anayeweza kujua kwamba kuna wageni wamelala kichakani upande wa mto, kwamba kuna mtu kanunua unga mwingi kuliko watu wa nyumba yake, kwamba kuna sumu inapikwa mahali, ni mchungaji, ni mama muuza duka, ni mkata kuni. Na huyo hasemi kitu kama kwake tembo ni adui na askari ni adui wa pili.

Na huo uadui una historia, na ni ya huku kwetu. Watu waliokuwa wanaijua Tsavo kuliko yeyote ni Wawaata, wengi wetu Pwani twawajua kama Walangulo, wawindaji wa tembo kwa upinde mrefu mzito ambao mtu wa kawaida hata kuuvuta hawezi, na sumu ya mti wanayoipika mpaka inakuwa nyeusi nzito. Walikuwa wanawinda pale kabla haijaitwa mbuga. Mwaka 1948 Tsavo ikatangazwa hifadhi ya taifa, na uwindaji wa babu humo ukahesabiwa ujangili. 1956 mpaka 1957 ikaja kampeni kubwa, maafisa wa mbuga David Sheldrick na Bill Woodley wakiwa kwenye uongozi wake, nyumba zikapekuliwa, mamia wakakamatwa, wengi wakafungwa. Kwa upande wa kazi ya polisi ilifaulu, ujangili wa mishale ulishuka kweli. Kuna wakati serikali ya mkoloni yenyewe ilishtuka, ndio 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili hawa Wawaata waajiriwe wawinde kwa kipimo kihalali na wafaidike, lakini haukudumu, kufika mwisho wa miaka ya sitini ardhi ile imekodishwa ikawa ranchi ya ng'ombe. Na mara majangili wenye bunduki walipokuja miaka ya sabini wale mabingwa wa kusoma nyayo hawakuwa upande wa mtu yeyote. Mimi nadhani hapo ndipo tulipokosea hesabu, tuliwatoa porini watu ambao wangekuwa macho yetu kisha tukatumia mapesa kununua macho mengine.

Angalia Taita Taveta leo. Asilimia 62 hivi ya kaunti iko ndani ya Tsavo. Sitini na mbili. Iliyobaki ndio watu walime, wafuge, wajenge shule, na bado kuna ranchi na mashamba ya makonge hapo ndani. Pesa za geti zinaenda Nairobi, tembo wanakuja Sagalla. Wenyeji wamedai mgao miaka na miaka na wakidai wanaambiwa wanaingiza siasa kwenye uhifadhi. Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kazi mwezi wa kwanza 2014, ilikuwa kali kwa jangili, faini isiyopungua milioni 20 au kifungo cha maisha kwa wanyama walio hatarini, na ikaweka pia fidia ya milioni 5 kwa mtu aliyeuliwa na mnyama. Ile ya kwanza inatekelezwa. Ya pili waulize wajane. Fomu zinajazwa, kamati ya kaunti inakaa, inapitisha, faili linaenda juu, na huko juu pesa hazijatengwa za kutosha, mtu anazikwa leo na fidia inakuja mtoto wake ameshamaliza sekondari. Ukimwambia huyo mtoto apige simu kwa askari akiona mtu na upinde, atakuangalia tu.

Ndio maana mie hupenda mfano wa Sagalla kuliko mikutano yote ya hotelini. Pale chini ya mlima karibu na Voi watafiti wa Save the Elephants pamoja na wakulima walianza kuzungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki. Si ua wa stima. Ni nguzo, mzinga unaning'inia, mita kumi mbele mzinga mwingine, na waya mmoja umeiunganisha yote. Tembo akija usiku akasukuma waya, mizinga yote inayumba, nyuki wanatoka na hasira zao, na tembo na ukubwa wake wote anaogopa nyuki manake wanamuuma ndani ya mkonga na kandokando ya macho. Matokeo ya miaka kadhaa yalitoka 2024, wakati mahindi yameiva huo ua ulizuia mpaka asilimia 86 ya tembo waliofika. Na mwenye shamba anavuna asali anauza. Una kasoro, ukame ukija nyuki wanahama mizinga inabaki mitupu, na ni ukame huo huo unaosukuma tembo kuingia mashambani, kwa hivyo unakosa msaada siku unayouhitaji zaidi. Lakini ona kilichobadilika: mkulima halali tena juu ya mti akipiga debe usiku kucha, na ana sababu ya kutotaka tembo auliwe, manake sasa tembo na asali na mgeni anayekuja kuangalia ni kitu kimoja. Hapo ndipo habari zinaanza kutembea kutoka kijijini kwenda kwa askari bila mtu kuhongwa.

Kwale walitangulia. Mwaluganje, miaka ya tisini, Waduruma na Wadigo wenye mashamba kwenye njia ya tembo kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje walikubali kuacha kulima ardhi iwe hifadhi, na wao wagawane pesa za watalii kwa kadri ya ekari. Wakatengeneza mpaka karatasi za mavi ya tembo, na zikauzika. Lilikuwa jambo zuri sana na naamini bado ni zuri. Tatizo ni kwamba lilitegemea mtalii, na mtalii wa Pwani ni kiumbe mwoga. Hoteli ya Kikambala ikalipuliwa 2002 akakimbia, vurugu za uchaguzi mwisho wa 2007 akakimbia, 2014 nchi za Ulaya zikatoa onyo akakimbia tena. Kila akikimbia mgao wa mwenye shamba unashuka, lakini tembo hashuki, anakula vile vile na anazaa ndani ya ua uliomzuia kutoka. Mtu alitoa ekari zake kwa ahadi na ahadi inalipwa kwa hali ya hewa ya London. Ukisikia fulani amerudi kuchoma makaa usimkimbilie na pingu kabla hujamuuliza mwaka jana alipata ngapi.

Kwa hivyo neno jamii lisitumike kama manukato. Garissa, kwenye hifadhi ya Ishaqbini, wafugaji wa Kisomali ndio wenyewe waliosimama na hirola, swala ambaye amebaki chini ya 500 dunia nzima, wakakubali 2012 azungushiwe eneo lake wakaanza na 48, na mpaka leo wanamlinda kwa sababu wanamwona ni wao. Isiolo kwa upande mwingine wenyeji walienda mahakamani na 2025 mahakama ikaamua hifadhi mbili za jamii zilianzishwa bila kuwashirikisha wananchi inavyotakiwa. Zote mbili ziliitwa za jamii. Uliza tu bodi ni ya nani, pesa zinaingia akaunti ya nani na askari wake wanapokea amri kutoka kwa nani.

Nirudi mjini sasa, manake hapa ndipo naona tunajificha. Tukisema wananchi washirikishwe tunamaanisha watu wa kijijini wenye jembe. Mwananchi wa Mombasa je? Anza na nyama. Usiku Tsavo wanaingia vijana na tochi kali, dikdik akimulikwa anaduwaa, wanampiga rungu. Au ni mitego ya waya, kitanzi kimefungwa kwenye kichaka njiani, chini kwa dikdik, juu zaidi kwa swala, na twiga pia ananaswa mguu anahangaika siku nyingi mpaka waya unafika mfupani. Timu za kutoa mitego zinaitoa, kesho ipo mingine, kwa sababu sokoni huku kuna mtu anakula. Mfupa umekatwakatwa, ngozi imetolewa, inakuja barabara ya Nairobi ndani ya gunia na inauzwa kama mbuzi, na sisi tukiona kilo ni rahisi ajabu hatuulizi. Unatuma askari wakatoe waya na wewe ndio mteja wa waya, ni kuchota maji ngalawani na tundu hujaliziba.

Baharini angalau tumejifunza kidogo. Watamu kuna mpango wa miaka mingi, mvuvi kasa akiingia kwenye wavu wake anapiga simu badala ya kumchinja, wanakuja, wanampima gamba, wanamwekea kibati cha namba kwenye pezi, wanamrudisha majini, mvuvi anapewa kitu kidogo cha kumfidia muda na wavu wake. Hakifiki bei ya nyama na mafuta ya kasa, wavuvi wenyewe wanakwambia, ila kinafika siku ile ile. Siku ile ile! Linganisha na faili la fidia ya tembo.

Na bandari. Anayeijua kontena si askari, ni dereva aliyeibeba, kuli aliyeipakia akaona magunia ya chai yana uzito usio wa chai, karani wa kampuni ya clearing aliyeambiwa abadilishe jina la mpokeaji mzigo ukiwa tayari uko njiani. Skana zipo, mbwa wa kunusa wapo, na vimesaidia, lakini skana inaangaliwa na mtu na mtu ana mshahara. Huyo karani wa Mwembe Tayari ndiye skauti wetu wa jamii, haswa, kuliko kijana wa porini aliyepewa kofia na buti. Nani amewahi kumkalisha akamwambia ukiona hivi piga hapa, jina lako halitajulikana, kazi yako haitapotea? Twawapelekea semina watu wa Kasigau waliozaliwa na tembo mlangoni, karani wa Kilindini hapewi hata kipeperushi.

Alafu mahakama. Ile kesi ya Tudor, mshtakiwa alikutwa na hatia 2016 akapewa miaka 20 na faini ya milioni 20, dunia ikapiga makofi, 2018 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikamwachilia kwa sababu ushahidi wa serikali ulikuwa na mapengo. Simlaumu jaji wala simwiti mkosa mtu aliyeachiliwa na mahakama, sheria ni sheria. Lakini pembe za tani 2 zilikuwepo, hazikujileta zenyewe Tudor, na mpaka leo hakuna anayetumikia kifungo kwa sababu yake. Upande mwingine 2020 alishikwa mtu katika uwanja wa ndege wa Moi hapa hapa akitoka Yemen, 2021 akapelekwa Marekani kwa mashtaka ya kusafirisha pembe za tembo na faru, na 2022 kesi ikawa imeisha, amekiri. Uwanja wetu, bandari zetu, wanyama wa Afrika, na kesi imeishia New York. Kijana wa dikdik huku hana wakili, anakiri siku ya kwanza anafungwa, na takwimu za KWS zinapanda vizuri. Mpelelezi anayefungua kesi ya kontena apewe miaka yake miwili bila kuhamishwa kituo, mhasibu wa kusoma akaunti za benki, na chumba chenye kufuli cha vielelezo, manake kesi hizi zinafia kwenye karatasi kabla hazijafia mbele ya jaji, na hizo karatasi zinashikwa na watu wa mji huu.